Bosi wa lazima katika gemu za mtandaoni apunguzwe makali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wazee wenzangu huliita mchezo wa watoto, ingawa kwangu mimi, fundi wa kompyuta hapa Kitangiri, jijini Mwanza, limekuwa la kila jioni kwa miezi kadhaa sasa. Ni suala la mabosi wa gemu za mtandaoni, yaani maadui wakubwa wanaoendeshwa na kompyuta, hasa wale ambao mchezaji hulazimika kupambana nao akiwa peke yake, bila mwenzake wa kumsaidia na bila njia ya kuwapita.

Mpwa wangu ana miaka 19, na mkono wake wa kulia haukunjuki vizuri tangu utotoni. Huweka padi, kile kifaa cha vitufe cha kuchezea gemu, juu ya goti akiwa ameizungushia kipande cha kanga ili isiteleze, kisha hubonyeza vitufe kwa mkono wa kushoto na kwa ubavu wa kiganja cha kulia. Akiwa katika kundi la watano ni mchezaji wa kutegemewa: ndiye anayewaponya wenzake, hujua nani damu, yaani kipimo cha uhai kwenye gemu, inamwishia kabla mwenyewe hajalalamika, na vijana wa Igoma na Nyegezi humpigia simu asipoonekana. Miezi minne iliyopita, hadithi ya gemu anayoicheza ilimfikisha kwenye chumba ambacho kundi haliingii. Ndani yumo bosi mmoja, na usipomshinda hadithi haisogei, ramani mpya haifunguki, na wenzako wanasonga mbele wakikuacha. Amejaribu zaidi ya mara 60. Siku moja alimbakiza na damu isiyozidi upana wa ukucha kwenye kioo, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi, bosi alikuwa na damu kamili.

Nimeiandikia kampuni inayomiliki gemu hiyo mara mbili. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba kijana afanye mazoezi zaidi, na ya pili haijajibiwa.

Anayeshauri mazoezi hajapiga hesabu, nami nimeipiga. Nilirekodi pambano na kuhesabu picha moja moja: tangu bosi anapoinua shoka hadi linaposhuka hupita nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha gemu, iko Ulaya. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooka kutoka Mwanza hadi Ujerumani, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, kwenda na kurudi peke yake kungekula milisekunde 60. Lakini waya haunyooki. Unapita bara na bahari, unapokezana katika vituo vingi, na kipimo changu cha kwenda na kurudi jioni nyingi husoma milisekunde 200. Jicho na kidole cha kijana mwenye afya huhitaji takriban 250 kuona na kubonyeza. Ukitoa 200, kisha 250, zinabaki 50. Hicho ndicho anachoachiwa mchezaji wa Mwanza mwenye mikono miwili mizima, ilhali anayekaa jirani na seva hubakiwa na zaidi ya 200. Mkono wa mpwa wangu unahitaji muda zaidi ya huo, na hakuna mazoezi yanayofupisha waya. (Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, hata wale mahodari wetu walishindwa kucheza kabisa, na hakuna aliyewaambia wafanye mazoezi.)

Kwa upande wangu nimefanya nilichoweza. Nilifungua padi ya zamani, nikachomelea nyaya mbili kutoka kwenye vitufe vya kulia hadi kwenye swichi ya kengele ya mlango, nikaifunga chini kwenye ubao ili aikanyage kwa mguu. Microsoft walitoa padi ya namna hiyo mwaka 2018 kwa ajili ya Xbox, mashine yao ya gemu, yenye matundu ya kuunganisha swichi za nje, lakini ya kwetu ya kuchomelea inatosha. Kukwepa sasa anakwepa kwa unyayo. Hata hivyo, swichi humpa mtu kitufe tu. Muda ni wa kupewa na aliyeandika gemu.

Na kwamba muda unaweza kutolewa, tayari umeshatolewa kwingine. Katika gemu ya mtandaoni ya Final Fantasy XIV, mapambano ya peke yako yaliyomo ndani ya hadithi, ukishindwa, gemu yenyewe hukuuliza kama unataka kurudia kwa kiwango rahisi au rahisi sana, na ukikubali hadithi inaendelea ileile. Waliotengeneza Celeste, gemu ya mwaka 2018 isiyo ya mtandaoni, walimruhusu mchezaji kupunguza mwendo wa gemu nzima hadi nusu. World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ambayo ipo tangu 2004, mwaka 2024 ilileta mapango ambayo mtu huyaingia peke yake akifuatana na msaidizi anayeendeshwa na kompyuta, na msaidizi huyo unaweza kumpangia kazi ya kukuponya. Mwaka uliofuata ikaongeza kitufe kimoja kinachopiga mapigo kwa mpangilio, kwa gharama ya kuchelewa kidogo kati ya pigo na pigo. Naipenda sana njia hiyo, kwa sababu anayesaidiwa hulipa kitu na bado anacheza.

Gemu hiyohiyo ina mnara wa mapambano ya peke yako ulioletwa mwaka 2017 na kurudishwa Desemba 2021, na ni mgumu kwelikweli. Sina ugomvi nao. Mnara ule si wa lazima, na zawadi zake kubwa ni za mwonekano. Asiyeuweza hafungiwi hadithi wala hatenganishwi na marafiki zake, na anayeuweza ana haki ya kujivunia. Hapo ndipo ninapoomba mstari uchorwe: bosi wa hiari abaki na makali yake yote, lakini bosi anayesimama mlangoni, ambaye kila mtu lazima apite kwake, awe na kiwango cha kupunguza.

Najua wapo vijana, wengine wateja wangu, wanaosema bosi akilegezwa ushindi unakosa ladha. Nawasikiliza kwa heshima, maana nao wametoka jasho. Lakini pale Mwaloni Kirumba, mchukuzi wa magunia ya dagaa hutwishwa na mwenzake, kisha hutembea na mzigo mwenyewe hadi kwenye lori, na sijamsikia mtu akidai kwamba hakuubeba. Zaidi ya hapo, kiwango rahisi anachochagua mpwa wangu hakigusi pambano la mwingine, kwa kuwa chumbani kila mtu yuko peke yake.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara yake ya 30 inataja burudani na michezo waziwazi. Kwa hiyo vijana wa Kitanzania wanaoanza kutengeneza gemu zao nawaomba wasisubiri kulalamikiwa. Alama ya hatari iwe na umbo na sauti badala ya kutegemea rangi nyekundu peke yake, bosi abaki na majeraha yake mchezaji anapokatikiwa umeme, na muda wa kukwepa uweze kurefushwa kwenye mipangilio. Hilo la muda ni namba moja ndani ya programu, na mtu anayeanza kujifunza anaweza kuibadilisha.

Wiki hii natuma barua ya tatu kwa kampuni ile. Sijaomba bosi aondolewe, wala mpwa wangu apewe ushindi wa bure, na mwenyewe amenikataza kuomba hivyo. Nimeomba shoka likiinuka likae juu sekunde nzima badala ya nusu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa kompyuta,
Kitangiri, Mwanza