Oili ipate joto kabla ndege ndogo haijaruka

Mhariri,

Asubuhi za Julai katika Uwanja wa Ndege wa Wilson huwa na baridi ya kutosha kuifanya oili iliyolala usiku kucha ndani ya injini kuwa nzito na kukawia kusambaa. Hata hivyo, bado naona marubani wakiwasha injini, wakiharakisha hadi njia ya kurukia na kufungua nguvu zote huku sindano ya joto la oili ikiwa haijainuka. Pistoni za alumini hutanuka haraka kuliko silinda za chuma, na nafasi baina yao ni finyu mno, kwa hiyo wanaolipia haraka hiyo ni silinda na mwenye ndege. Inatosha kuhakikisha kwamba presha ya oili imepanda ndani ya sekunde 30, kuielekeza pua ya ndege upepo unakotoka, na kuiacha injini izunguke mara 1,000 hadi 1,200 kwa dakika. Injini nyingi za Continental hutakiwa kufikisha nyuzi 24 za Selisiasi kabla ya kuruka.

Linalonisikitisha zaidi ni desturi ya kuiwasha ndege iliyoegeshwa kwa majuma mengi, kuiacha ingurume dakika chache, kisha kuizima kwa imani kwamba imetunzwa. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu yake huingia kwenye oili, ambayo ndege ikiwa imesimama ardhini haifikii zile nyuzi 82 hivi zinazohitajika ili maji hayo yaondoke. Yakibaki, huzaa tindikali. Katika injini za Lycoming zinazoendesha ndege ndogo nyingi za Cessna 172, kamshafti, yaani mhimili unaofungua vali, imekaa juu, oili huichuruzikia na kuiacha wazi, na kutu huanzia hapo. Ndege ya namna hiyo iruke, au ihifadhiwe kwa utaratibu wa mtengenezaji.

Joto likizidi nalo ni hatari, hasa tunaporuka kutoka mwinuko wa futi 5,500, ambako hewa nyepesi hupoza kidogo. Rubani akiona sindano ikikaribia nyuzi 118, ashushe pua apate mwendo. Presha ya oili ikianza kushuka wakati joto linapanda, arudi atue mara moja.

Naziomba shule zetu za urubani ziandike kiwango cha chini cha joto la oili kwenye orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka, na wakufunzi wasikubali mwanafunzi akipite bila kukisoma kwa sauti.

Fundi wa injini za ndege,
Nairobi