Ilunga, usiitupe hiyo bwate

Lubumbashi, Katuba

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu kutoka huku. Sisi wazima, ila baridi ya kiangazi na vumbi vyote viwili vimetuandama. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Hao wanaotaka uitupe bwate yako, yaani giaboksi, ununue nyingine ya okazio, iliyokwishatumika, wanakuuzia mbuzi kwenye gunia. Nayo imetoka kwenye gari lililochoka, na ya ndani yake hayajui hata muuzaji. Yangu niliifungua hapahapa nyumbani, na sasa gari langu, Toyota Surf, linakwenda Likasi na kurudi bila kelele.

Unasema gari lako linateleza likiingia gia ya tatu, na ya kurudi nyuma inachelewa kushika, ila ya kwanza na ya pili hazina neno. Basi bwate zetu ni za aina moja, A340, ile ya otomatiki ya Toyota, na ugonjwa ni uleule. Humo ndani mna pakiti moja ya disiki za klachi inayofanya kazi kwenye ya tatu, ya nne na ya kurudi nyuma. Ya kwanza na ya pili hazihitaji pakiti hiyo. Yaani hujashika hata spana, gari limeshakuonyesha pa kutazama. Nilipoifikia pakiti yangu, disiki zilikuwa nyeusi tititi, utando umebanduka hadi chuma kinaonekana.

Nguvu inatakiwa siku ya kushusha na kupandisha tu, hapo waite vijana. Kwingine kote ni usafi. Kwa vumbi letu jekundu sikuthubutu kufungulia uani. Nilikimbilia chumba cha wageni, nikafunga madirisha, na mama wa watoto hadi leo ananidai mabeseni yake. Usifutie matambara yanayotoa nyuzi: uzi mmoja unatosha kukwamisha vali. Ile bloku ya vali, inayogawa mafuta ndani ya bwate, ina vigololi vidogo vinavyodondoka ukiigeuza, basi piga picha kabla ya kuinua chochote. Disiki mpya ziloweshe kwanza kwenye mafuta ya bwate. Ili kushikiza beringi zisidondoke unapofunga, paka vaselini tu, maana grisi ya kawaida haiyeyuki, itaziba vitundu.

Kabla ya kufunga, tia upepo wa kompresa kwenye tundu la mafuta la kila pakiti. Pistoni inayobana disiki ikigonga “tu!”, sawa. Ukisikia upepo unavuja fyuuu, mpira umechanika, rudi ndani.

Halafu konvertisa, ile ngoma inayopeleka nguvu ya injini kwenye bwate. Isukume huku unaizungusha mpaka iingie yote kwenye pampu. Bwate ikikataa kukaa bapa kwenye injini, usiivute kwa bolti hata kidogo, utavunja pampu.

Kwa sasa mwaga mafuta, fungua sinia la chini, unipigie picha ya sumaku zake. Tope laini la kijivu ni kawaida. Ukikuta vipande vya chuma, usinunue kitu, nisubiri nije Kolwezi.

Msalimie mama.

Wako,
Kabwe