Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii: Nani anawakagua mawakala wa wahudumu wa wazee?

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkazi wa Bombo, wilayani Luweero, na kazi yangu iko Kampala. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachozungumza nyumbani pamoja na Kinubi, lugha ya sisi Wanubi, na kwa sababu tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha ya pili rasmi ya nchi hii, ingawa barua za serikali zinazotufikia kwa lugha hiyo bado ni za kuhesabu kwa vidole. Jambo linalonileta ni moja. Familia inayotafuta wakala wa kuipatia mhudumu wa kumtunza mzee nyumbani haioneshwi mahali pa kuthibitisha kwamba wakala huyo anaijua kazi ya kutunza wazee, na naamini wizara yako inaweza kutuwekea mahali hapo bila kuanza kutoka sifuri.

Mama yangu ana umri wa miaka 72. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia na ulimi ukawa mzito. Hospitali ilimtibu kadiri ilivyoweza, kisha ikaturuhusu kurudi naye nyumbani tukiwa na dawa za presha, karatasi ya kliniki, na maelezo ya dakika chache aliyoyatoa muuguzi akiwa amesimama mlangoni: mgeuzeni kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulalia, mlisheni akiwa ameketi wima, na msimlaze mara tu baada ya kula, kwa kuwa koo lililolegea hupitisha uji kwenda mapafuni. Maelezo yalikuwa sahihi kabisa. Aliyekosekana ni mtu wa kuyatekeleza usiku na mchana. Dada zangu wawili wameolewa mbali, mmoja Arua na mwingine Jinja; mke wangu ni mwalimu; nami hutoka na teksi ya alfajiri na kurudi usiku.

Wazee wa ukoo walitwambia kwamba mama mwenye watoto hatunzwi na mtu wa kulipwa. Niliwasikiliza kwa adabu. Lakini hao hao walipoombwa wapokezane zamu, kila mmoja alikuwa na udhuru, na lazima nikiri kwamba udhuru wa wengi wao ulikuwa wa kweli.

Tukaanza kutafuta wakala. Wa kwanza nilimpata kwenye bango lililobandikwa katika nguzo ya umeme, wa pili kwa jirani, na wa tatu kwenye kundi la WhatsApp la msikiti wetu. Mmoja wao alinipa nakala ya cheti cha usajili kutoka URSB, ofisi ya serikali inayoandikisha kampuni, nami kwa siku mbili nikakichukulia kuwa dhamana, mpaka rafiki yangu mhasibu aliponiuliza kama ninajua cheti hicho kinathibitisha nini. Kinathibitisha kwamba kampuni imeandikishwa, basi. Duka la vipuri vya pikipiki linaweza kuwa nacho. Leseni ya biashara ya halmashauri ya mji nayo ni hivyo hivyo: inaonesha kwamba ada imelipwa, wala haisemi lolote kuhusu mtu atakayelala chumba kimoja na mama yangu.

Nilipouliza mhudumu amefunzwa wapi, nilijibiwa kwamba "ni nesi". Neno hilo, Mheshimiwa, linabebeshwa mzigo mkubwa katika biashara hii. Muuguzi huandikishwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996 na hupewa leseni ambayo hana budi kuihuisha, kwa hiyo anayedai kuwa nesi anaweza kuombwa namba yake ya usajili, na Baraza likaulizwa. Nilipoiomba namba hiyo, nesi aligeuka akawa "msaidizi wa nesi", na nilipouliza alimsaidia nesi yupi, nikatajiwa zahanati ambayo ilikuwa imeshafungwa. Sidai kwamba kila mhudumu awe muuguzi, kwa kuwa mama hahitaji sindano. Anahitaji mikono inayojua kumwinua bila kumvuta bega lililopooza. Ninachotaka kujua ni nani aliyeifundisha mikono hiyo, kwa muda gani, na nani aliyeipima kabla ya kuileta kwangu.

Kwa kuwa siku zilikuwa zinakwenda, tulimchukua wakala wa tatu. Tulikubaliana shilingi 700,000 kwa mwezi, kwa maneno matupu, bila mkataba. Baadaye binti aliyeletwa aliniambia kwamba katika fedha hizo yeye hupata 250,000, na kwamba mwezi wa kwanza hakulipwa kitu kwa sababu wakala alimkata gharama ya sare na ya "mafunzo", ambayo yalikuwa ya siku mbili. Naitaja habari hii kwa sababu mtu anayelala kwa vipande vya saa mbili mbili kwa ujira wa namna hiyo hatadumu, na kila anapoondoka mmoja, mzee huanza upya kuzoea mikono ya mgeni.

Kilichonifungua macho ni Jumanne moja mchana. Binti alinipigia simu kazini, sauti ikimtetemeka, akaniambia kwamba mama anasema "moyo, moyo" na anajipapasa kooni na kifuani kwa mkono ulio mzima. Niliomba ruhusa nikakimbilia Bombo, na njia nzima nilijua kwamba naenda kumzika mama. Nilimkuta amelazwa chali, midomo imekauka hadi imepasuka, macho yakimfuata kila anayepita. Mama anakijua Kiswahili vizuri, lakini tangu alipougua, maneno yanayomjia kwanza ni ya Kinubi, na kwa Kinubi moyo ni maji. Alikuwa na kiu tangu asubuhi. Binti alisikia moyo kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaogopa, akamlaza na kumzuilia kila kitu, hata maji yenyewe aliyokuwa akiyaomba.

Simlaumu binti yule. Alifanya kile ambacho mtu mwenye huruma asiyefunzwa angekifanya. Wakala hakuwa ameniuliza mama anazungumza lugha gani, nami sikukumbuka kumwambia. Wiki iliyofuata, tulipokuwa tukimwogesha, dada yangu aliona juu ya tako la kushoto doa jekundu lisilofifia likibonyezwa, mwanzo wa kidonda cha kulalia. Tulipomwita wakala aje aone, alisema kazi yake ni kuleta mtu, habari za mgonjwa ni za familia. Baada ya siku tatu akamwondoa binti bila taarifa na kumleta mwingine, ambaye hata jina la mama hakuwa ameambiwa.

Mheshimiwa Waziri, utunzaji wa mgonjwa nyumbani si jambo geni kwetu kiasi kwamba tukauazime utaratibu wake ng'ambo. TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, lilikuwa likiwafuata wagonjwa wa ukimwi majumbani wakati ambapo majirani waliogopa hata kuwasalimu. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, iliwapelekea wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu makali, hadi kitandani, na kuanzia mwaka 2004 sheria yetu iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia mateso wagonjwa mahututi, kuiandika dawa hiyo wenyewe, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa hazijalithubutu. Katika kazi hizo mtunzaji hufundishwa mbele ya mgonjwa, na yupo mtu wa juu yake anayepita kuangalia. Hayo mawili ndiyo niliyoyakosa kwa mawakala wote watatu.

Yapo pia makao ya wazee, na wengi wetu tunayajua yale ya Bakateyamba pale Nalukolongo, Kampala, yaliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga, lakini makao ya aina hiyo ni machache na yanawapokea zaidi wasio na mtu. Mzee mwenye familia atabaki nyumbani. Kwa hiyo nyumbani ndipo usimamizi unapotakiwa kufika.

Linaloniudhi zaidi, na uniwie radhi kwa kulisema wazi, ni hili. Wizara yako inajua kuwakagua mawakala. Kampuni inayotaka kuwapeleka mabinti wetu kufanya kazi za ndani Saudi Arabia haina budi kuwa na leseni yako, na kanuni za mwaka 2021 zimeieleza wajibu wake kwa mfanyakazi. Binti huyo huyo akipelekwa Riyadh kumtunza bibi wa watu, kuna ofisi ya serikali inayomjua wakala wake. Akipelekwa Bombo kumtunza mama yangu, mimi naambiwa niamini bango la nguzo ya umeme. Najua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka kila wakala wa ajira awe na kibali cha Kamishna wa Kazi, na kati ya wale watatu hakuna aliyenionesha kibali hicho. Hata wangenionesha, kibali hicho kinahusu kuajiri. Hakina neno juu ya koo lililolegea wala vidonda vya kulalia.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Kibali hicho hicho cha Kamishna kiwe na sehemu ya pekee kwa mawakala wanaopeleka wahudumu kwa wazee na wagonjwa, isiyotolewa mpaka Wizara ya Afya iridhike na mafunzo wanayoyatoa pamoja na mtu mwenye leseni ya uuguzi anayewasimamia wahudumu hao. Majina ya waliopata na ya walionyang'anywa yawekwe wazi, mtandaoni na kwenye ubao wa ofisi ya afisa maendeleo ya jamii wa kila wilaya, kwa sababu wanaotafuta wahudumu si wote wenye simu ya intaneti. Uwepo mkataba wa mfano, wa ukurasa mmoja au miwili, katika lugha zetu, unaotaja ujira wa mhudumu mwenyewe na si bei ya wakala peke yake, saa zake za kupumzika, lugha ya mzee, nani atakuja mhudumu akiugua, na siku ngapi za taarifa kabla ya kumbadilisha. Malalamiko yapelekwe kwa Baraza la Taifa la Wazee, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2013; tangu Bunge la 11 wazee wana wabunge wao watano, nao nadhani hawatachoka kuuliza malalamiko hayo yamefikia wapi.

Sikuombi ulipe bei ya huduma hii, ingawa Katiba yenyewe, katika malengo yake ya taifa, inaitaka serikali iweke utaratibu unaofaa wa ustawi wa wazee. Ruzuku ya wazee iliposambazwa nchi nzima iliwalenga waliofikisha miaka 80, kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa bei niliyotozwa mimi, ruzuku ya mwezi mzima inamlipa wakala siku moja na saa chache tu. Wenye uwezo mdogo kuliko wangu watazidi kuchukua mtu wa bei ya chini, na ndio wanaohitaji zaidi kujua ni nani wamemwingiza ndani.

Kwa sasa mama anatunzwa na jirani yetu, mjane anayekisema Kinubi, ambaye muuguzi wa kituo cha afya alikubali kumfundisha kwa Jumamosi nne. Tunamlipa moja kwa moja, na tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kando ya kitanda kuna daftari la shule nililolipiga mistari kwa rula: saa, upande aliolazwa, alichokula, maji aliyokunywa, hali ya ngozi. Doa lile limefifia. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa mmoja wa daftari hilo, endapo maofisa wako watataka pa kuanzia, na nitashukuru kupata jibu lako.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Bombo, Wilaya ya Luweero