Kwa Mwanaidi, kuhusu mtoto asiyeimba Wimbo wa Taifa

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utashuka kutoka Lushoto.

Barua yako imenikosesha usingizi. Unasema yupo binti wa kidato cha pili, wazazi wake Mashahidi wa Yehova. Mstarini asubuhi wenzake wakiimba Wimbo wa Taifa yeye husimama wima, kimya. Nawe, kwa kuwa ndiwe mwalimu wa nidhamu, umeambiwa uandike barua ya kumsimamisha masomo. Umeniuliza mimi kwa sababu nashinda na majalada ya wakili. Basi nakujibu: usiiandike.

Jambo hili limeshaamuliwa hapa hapa nchini. Mkoani Mbeya wanafunzi wa dini hiyo hiyo walikataa kuimba, wengine wakafukuzwa shule, wengi wakapewa adhabu nyingine. Mahakama Kuu iliwaona hawana haki. Hawakukata tamaa, wakaenda Mahakama ya Rufani, na mwaka 2013 majaji wakatengua uamuzi ule. Mwanaidi, hiyo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini. Mkuu wako wa shule anaweza kuwa na hasira, lakini hana mamlaka ya kuipita. Msomee na ibara ya 19 ya Katiba, inayompa kila mtu uhuru wa mawazo, wa imani na wa uchaguzi katika mambo ya dini.

Unasema walimu wenzako wanauona ukimya wake kuwa ni dharau kwa nchi. India nako walisema hivyo hivyo. Ndugu watatu wa jimbo la Kerala walifukuzwa shule mwaka 1985 kwa sababu hii. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya India ikasema kwamba anayesimama kwa adabu wakati wimbo unaimbwa hajauvunjia heshima, hata kama hafungui kinywa. Marekani ilichukua muda zaidi. Mwaka 1940 mahakama yao ya juu iliruhusu watoto walazimishwe kuisalimu bendera, na baada ya hapo Mashahidi wakapigwa na makundi ya watu katika miji mingi. Miaka mitatu tu baadaye mahakama ile ile ikageuza uamuzi wake. Mimi hilo la kupigwa ndilo linaloniogopesha. Mkubwa akishasema fulani si mwenzetu, wapo wanaosikia kuwa wameruhusiwa kumpiga. Huyo binti naye ana wanafunzi wenzake wanaomtazama.

Najua utaniuliza habari za Shakahola, kule Kenya, na wafuasi wa yule mhubiri. Nami nililia, maana Kilifi si mbali na sisi, na miili iliyofukuliwa mwaka 2023 ilizidi 400. Lakini pale watu walishindishwa njaa mpaka wakafa, watoto wadogo wakiwamo. Kuua ni jinai katika dini yoyote, na sheria imkamate muuaji kwa alichokitenda. Huyu binti ametenda nini? Kwao kuimba wimbo wa taifa ni kama ibada, na ibada ni ya Mungu peke yake. Mimi siamini hivyo, naimba na nitaendelea kuimba. Ila siwezi kumwambia mtu asali kwa kinywa changu.

Tena hapa Tanga sisi Waislamu ni wengi, ni rahisi kusahau kuwa kwingine sisi ndio wachache. Huko Ugiriki mzee mmoja Shahidi, Minos Kokkinakis, alikamatwa zaidi ya mara 60 katika maisha yake kwa kuhubiri mlango kwa mlango. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa ushindi, na ndiyo mara ya kwanza mahakama hiyo kukuta kifungu cha 9 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kile cha uhuru wa dini, kimevunjwa. Mwaka 1999 akashinda kwa kifungu hicho hicho Ibrahim Serif, Mwislamu wa huko huko Ugiriki, aliyehukumiwa kwa kufanya kazi ya mufti ambayo Waislamu wenzake walimchagua aifanye. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka marehemu babu na kanzu yake, nikajiuliza angelindwa na nani kama angezaliwa kule.

Kabla bodi haijakaa, mwone mkuu wa shule faraghani, usimuaibishe mbele ya walimu. Mwombe amwite mzazi wazungumze, na binti aendelee kusimama kimya kama anavyosimama sasa. Hukumu ya Mbeya nitaitoa nakala niitume kwa basi la Ijumaa, ichukue stendi kwa kondakta. Wakikulazimisha utie saini, usitie, nipigie simu siku hiyo hiyo.

Nisalimie Baba Rehema na watoto.

Wako,
Zainabu