Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Kaunti ya Kisumu: Ozoni isipimwe Kondele peke yake

Mheshimiwa Waziri,

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Tunakuandikia kuhusu uchafu usioonekana na usiotoka kwenye ekzosi yoyote: ozoni ya karibu na ardhi, gesi inayodhuru mapafu.

Ozoni hii hupikwa hewani. Magari na bodaboda huleta oksidi za nitrojeni, gesi za moshi wa injini. Mvuke wa petroli, thina na vanishi za maseremala, na moshi wa miwa inayochomwa huongeza viungo. Moto wake ni jua. Kiwango huanza kupanda asubuhi jua likikolea, kikafika kilele kati ya saa saba na saa kumi alasiri, hasa mbingu zikiwa wazi na upepo umelala. Mvua yenyewe haiioshi sana, maana ozoni haiyeyuki vizuri majini; wingu linaloziba jua ndilo hutuokoa.

Kipimo kikiwekwa kando ya barabara Kondele, huenda kikasoma kidogo, mtu akadhani hewa ni safi. Sivyo. Oksidi ya nitrojeni, moja ya gesi hizo za moshi, ikitoka ekzosi ikiwa mbichi huila ozoni papo hapo. Madhara huonekana mbele, upepo unakoelekea. Usiku upepo wa nchi kavu husukuma moshi wa mji juu ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Mchana upepo wa ziwa unaweza kuurudisha ukiwa umeshaiva kuwa ozoni, ukapanda kuelekea Mamboleo na vilima vya Riat. Chicago, kando ya Ziwa Michigan, wanaujua mchezo huu vizuri.

Kwa hiyo tunaomba vituo vitatu: Dunga ufuoni mwa ziwa, Kondele mjini na Riat vilimani, kila kimoja na kipimo cha upepo, joto na jua. Mdomo wa kuvuta hewa uwe mita 3 hadi 4 juu ya ardhi, mbali na miti. Bomba liwe la tefloni, plastiki isiyoila ozoni; mpira huliwa na ozoni, na namba zitashuka bila sababu. Vipimo vya bei nafuu huchanganya ozoni na dioksidi ya nitrojeni, tena unyevu huvipotosha, basi vikae wiki mbili kando ya mtambo wa kuaminika, kiangazi na masika.

Hesabu iwe ya wastani wa muda wa saa 8. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi mikrogramu 100 kwa mita ya ujazo. Wastani wa muda wa saa 24 huficha kilele cha alasiri ndani ya namba ndogo za usiku.

Namba zikipanda, tangazo lifike shuleni kabla ya saa sita, ili michezo ya saa kumi isogezwe asubuhi ya kesho yake.

Wako,
Mafundi wa vipimo vya hewa, Kisumu