Risala ya Wasukaji Miyaa wa Matondoni kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Ghala

Mheshimiwa mgeni rasmi, Waziri wetu wa Biashara wa Kaunti ya Lamu, Bwana Chifu, Imamu wetu, wazee wa Matondoni, walimu, kina mama wenzetu mliotoka Kipungani na Amu, mabibi na mabwana: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali kupanda boti kuja kwetu badala ya kutuita mjini. Nahodha anasema maji yataanza kutoka saa tisa, na yakikuacha utatembea kwenye tope mpaka magotini. Kwa hiyo risala hii tumeikata mara mbili. Mwenyekiti alitaka ianzie siku kikundi kilipoandikishwa, tumemnyima.

Hapa Matondoni wanaume huunda mashua na wanawake husuka. Bibi zetu walisuka mikeka, misala, majamvi na makawa, wakampa mchuuzi, naye akaenda nayo Amu au Mombasa. Bei aliijua yeye. Sisi tulipojikusanya tulitaka jambo moja tu, na sisi tuijue hiyo bei.

Kisha ikaja tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza nchini. Faini ilitajwa hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Wafanyabiashara wengi walilia. Sisi simu zetu zililia. Mara wanataka kapu la sokoni, mara la ufukweni, mara la kuwekea taulo hotelini. Kapu ambalo bibi alibebea nazi likawa bidhaa ya kupigiwa picha. Tuligawana pesa mwaka ule, wallahi, tukatazamana. Kuna nyumba hapa kijijini zilizotoka makuti zikaingia bati kwa kapu hizo.

Asiyejua miyaa tumweleze kidogo. Miyaa ni majani ya mkoma, mti wa jamii ya mnazi. Mkoma hutoa jani jipya katikati ya kichwa chake, limejikunja kama mwavuli uliofungwa. Ndilo tunalolitafuta, kwa kuwa bado ni laini. Hukatwa, huanikwa juani mpaka likawa jeupe, huchanwa kupata chane, chane husukwa ukili, yaani utepe mrefu, na kili hushonwa mzunguko juu ya mzunguko mpaka kapu lisimame. Sasa, mti huishi kwa jani hilo. Ukikata moja ukaliacha linalofuata lifunguke, mkoma haukushtaki. Ukirudi kila wiki ukachukua kila kinachochomoza, mti hubaki na majani makuukuu ya chini, nayo hukauka moja moja, na kinachobaki ni gogo limesimama. Tulirudi kila wiki.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na mali ilikuwa inapotea vilevile. Mweka hazina wetu, binti wa hapa hapa aliyesomea hesabu chuoni, alituketisha chini ya mwembe akatusomea. Mwaka wa kwanza miyaa tuliifuata kwa miguu, nyuma ya mashamba, tukarudi kabla ya adhuhuri. Mwaka wa tatu tulikuwa tunakodi mashua kwenda upande wa bara, tunalipa mafuta, tunalipa nahodha, tunanunua chakula cha siku nzima. Bei ya kapu ilikuwa ile ile. Akapiga mstari wa wino mwekundu chini ya ukurasa, akasema: "Mama zangu, hii si faida. Mmeuza mikoma."

Wengine tulikasirika. Kuambiwa hivyo na mtoto uliyembeba mgongoni si jambo jepesi.

Lakini alikuwa na haki, na tangu siku hiyo daftari letu lina safu moja zaidi. Upande wa gharama, baada ya miyaa, rangi, nauli na ujira, kuna safu tunayoiita "deni la mti". Kila mtita wa miyaa unaoingia hukatiwa fungu, na fungu hilo haligawanywi. Humlipa mwenye shamba ambaye zamani tulikuwa tukimpita kimya kimya, na hulipa vijana wawili wanaootesha koma, matunda ya mkoma. Mkoma hukua kwa kujivuta, Mheshimiwa, na sisi wenye mvi hatutaukata tuliouotesha. Mkataji naye ana sharti: jani moja kwa mti, kisha hufunga uzi wa rangi kwenye shina. Mti wenye uzi wa msimu huu haukatwi. Ni jambo dogo, mtoto anaweza kulikagua, na watoto ndio wanaotukamata.

Gharama ilipanda, tukapandisha bei ya kapu. Wanunuzi wawili wakatukimbia. Hatutakudanganya kwamba wote walipiga makofi. Miezi minne ilikuwa mibaya, na baadhi ya wenzetu walirudi kwa mchuuzi. Waliobaki waliona jambo ambalo hatukulitarajia: miyaa ya mti uliopumzishwa ni mirefu, chane hazikatiki ovyo, na kapu chache zaidi zinarudishwa kwa kasoro. Hapo ndipo pesa iliporudi. Haikuja kwa huruma ya mtu, ilikuja kwa kapu zuri.

Rangi ilitufundisha upande mwingine. Tulikuwa tukichemsha rangi za dukani kwenye sufuria kubwa, na maji yake tukiyamwaga pale pale, hatua chache kutoka kisimani. Siku moja mama mmoja aliteka maji ya wudhu yakatoka na wekundu. Ugomvi wa siku hiyo hatuuandiki hapa. Tulichimba shimo mbali na kisima, na rangi tukazipunguza.

Ndipo mgeni mmoja akatushauri turudie rangi za asili, tutumie magome ya mkoko, ambayo kweli hutoa kahawia iliyoiva vizuri. Neno "asili" lina utamu wake. Lakini mti ukiubandua gome umeuua, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti misituni mwaka 2018, wakata boriti wetu walikaa nyumbani bila kazi, na tuliziona njaa zile. Hatukutaka kuingia msituni kwa mlango wa nyuma tukijiita wa asili. Gome tunalochemsha sasa ni lile linalobaki kwenye boriti zilizokatwa kwa kibali. Likiisha, kapu hutoka nyeupe, na mteja huambiwa sababu.

Mheshimiwa, kuna mnunuzi mmoja wa mbali, hatutamtaja, aliyekuwa akichukua mikoba yetu kwa wingi. Siku moja kijana wetu alituonyesha kwenye simu kibandiko walichokishona ndani ya mkoba. Kilisema kila mkoba unamwinua mama mmoja wa Lamu. Mama mwenyewe aliyeusuka, ambaye yuko hapa mstari wa pili, alilipwa shilingi 350, baada ya kungoja miezi mitano. Alipotafsiriwa maneno yale aliuliza, "Waliniinua nikiwa wapi?" Tulimwandikia mnunuzi barua. Hakujibu, na mzigo wa mwisho aliutaka kwa bei ya chini zaidi. Tangu hapo nusu ya malipo hutangulia, au kili hazishonwi.

Sisi ni wadogo, lakini kaunti hii imeona mambo haya kwa ukubwa wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, kwa vile ujenzi wa bandari ulivyowaharibia mahali pa kuvulia. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Baraza la Rufaa za Mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huku kwetu, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miradi ile ilikuwa na wahasibu wengi kuliko wakazi wa Matondoni. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kumuuliza mvuvi kabla ya kupiga hesabu. Tunalitaja hili kwa sababu nasi tulimpita mwenye shamba la mikoma bila kumuuliza. Tofauti ilikuwa ya ukubwa tu.

Ghala hili unalolifungua leo lina sababu yake. Masika iliyopita tulikuwa na oda ya kapu 60, zimekamilika, zimepangwa katika chumba cha mwenyekiti. Mvua ikapiga siku tisa. Tulipofungua mlango, harufu ndiyo iliyotangulia, kisha tukaona kuvu la kijani limekaa kwenye mishono kama unga. Tuliosha, tukaanika, tukasugua kwa limau, haikufaa. Kapu zote zilienda motoni, na mikoma iliyokatwa kwa ajili yake ilikuwa imekatwa bure. Ghala lina madirisha pande mbili na kichanja kilichoinuliwa kutoka chini. Fundi ni wetu, mawe yalibebwa na punda wetu, na punda aliyekuwa na kidonda alipumzishwa kwa amri ya mwenye kumfuga, tukachelewa wiki nzima. Mwenyekiti alinuna, lakini tulichelewa.

Maombi yetu si mengi. Sheria imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kaunti hufanya mikutano na semina, na kila mjumbe hupewa mkoba. Tunaomba mikoba hiyo isukwe hapa Lamu. Na tukishaileta, Mheshimiwa, tunaomba hundi isichukue miezi, maana serikali ikichelewa kulipa, anayeikopesha ni mama aliyesuka usiku kwa taa ya simu. La pili, tunaomba maafisa wa misitu wakae nasi, pamoja na wenye mashamba na wenzetu wa Kipungani, tuuweke huu utaratibu wa uzi kwa maandishi, ili mkataji anayetoka kwingine asije akavuna tulichokipumzisha. Sisi hatuna nguvu ya kumzuia, na hatutaki kupigana na mtu.

Kuhusu mkopo hatuombi leo. Mweka hazina amekataa, anasema kwanza tumalize deni la mti.

Ufunguo uko kwa bibi yetu mkubwa kuliko wote katika kikundi, aliyetufundisha wengi wetu ukili wa kwanza. Ameufunga kwa kili nyembamba aliyoisuka mwenyewe wiki hii, na macho yake hayaoni vizuri tena. Tafadhali upokee kwa mikono miwili, ufungue, uingie uone kichanja. Chai iko tayari, na mahamri. Nahodha anatazama maji.

Wabillahi tawfiq. Ahsante sana.