Basi limeinama, mama amebaki kituoni

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mabasi ya sakafu ya chini ya Ulaya imenikasirisha. Mwandishi anasema hapa London shida imekwisha, mwenye kiti cha magurudumu anapanda kama abiria mwingine yeyote. Alimuuliza nani?

Mabasi yenyewe sina ugomvi nayo. Mlangoni hakuna ngazi, sakafu iko kama sentimita 32 tu juu ya lami, basi linainama upande wa mlango, na ubao wa kupandia unatoka mlango wa kati. Tangu mwisho wa 2005, yale mekundu ya zamani ya kudandia nyuma yalipoondolewa katika safari za kawaida, tumezoea haya. Lakini basi linahitaji kituo, na vituo mwandishi wenu hakuvitaja hata kwa mstari mmoja.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mama kliniki. Ana miaka 71, mguu mmoja ulikatwa kwa ajili ya kisukari. Mvua inanyesha. Mtu ameegesha gari lake pale pale kituoni, basi likashindwa kusogea, likasimama mita moja na nusu kutoka ukingoni. Ubao ukashukia kwenye lami badala ya juu ya ukingo, mwinamo mkali kama paa. Nikasukuma, magurudumu yakateleza, tukarudi kinyumenyume, mama amenishika mkono hadi kucha zikaniingia. Dereva akasema tungoje la nyuma. La nyuma likaja. Nafasi ya kiti cha magurudumu ni moja, na imejaa vigari viwili vya watoto. Dereva akaomba mara moja kwenye spika, hakuna aliyejongea, akafunga mlango. Mhariri, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilishaamua mwaka 2017, katika kesi ya Doug Paulley, mwenye kiti cha magurudumu aliyeishtaki kampuni ya mabasi, kwamba kuomba tu hakutoshi: dereva afikirie hatua zaidi, hata kugoma kuondoa basi kwa dakika kadhaa. Huyu hakungoja hata sekunde kumi! Mama akasema, "Mwanangu, turudi nyumbani." Kliniki tukaikosa.

Hata wazee wanaotembea wanateseka. Sakafu imeshushwa, magurudumu yamebaki na ukubwa wake, kwa hiyo viti vingi vimewekwa juu ya matao ya magurudumu na mzee lazima avikwee. Hajakaa, dereva keshakanyaga mafuta.

Kule Kassel, Ujerumani, walibuni jiwe la ukingo lililobonyea upande, linaloongoza tairi mpaka basi likaribie kabisa bila kukwaruzika. Liwekwe kwanza kwenye kila kituo cha mbele ya hospitali, kimo sentimita 18, na gari litakaloegeshwa hapo livutwe saa hiyo hiyo. Mwandishi wenu naye arudi. Kliniki nyingine ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Aje asukume kiti yeye mwenyewe.

Msomaji wenu,
London Mashariki